Sato 187 alfajiri moja: kisa cha bwawa la shangazi Kihonda

Simu ya shangazi iliingia saa 12 na dakika 20 asubuhi, Alhamisi ya tarehe 14 Novemba 2024. Sikupewa hata nafasi ya kumwamkia. “Mwanangu, samaki wangu wameuawa. Njoo uwaone mwenyewe kabla sijawafukia.”

Neno hilo, wameuawa, ndilo lililonipandisha treni ya Morogoro asubuhi ile. Samaki wakifa ni hasara. Wakisemekana wameuawa, kuna mtu anayetajwa, na nilimjua anayetajwa: kijana wa jirani, mkulima wa mchicha, ambaye bustani yake inapakana na ukuta wa shangazi na ambaye siku mbili kabla alionekana na bomba la dawa mgongoni. Nilipofika Kihonda kabla ya adhuhuri, mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaitwa na watu wamesimama makundi mawili, kila kundi na lake.

Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu nimeona mabwawa ya nyuma ya nyumba yakiongezeka mitaani kwetu, na karibu yote yanafugwa kwa daftari la aina moja, lile la kuandika hela. Shangazi alikuwa nalo, safi, mwandiko wa mwalimu mstaafu. Ndilo lililotusaidia, ila lilitusaidia kwa bahati tu, na ningependa mwingine asitegemee bahati hiyo.

Kwanza bwawa lenyewe. Ni la udongo, mita 12 kwa 10, kina cha wastani mita moja, maji ya kisima yanaingia kwa mpira wa bomba. Hakuna mashine ya kupuliza hewa na maji hayapiti, yanaongezwa tu yakipungua. Pembeni kuna banda la kuku, na kwenye kona ya bwawa vilikuwa vinaning’inia viroba viwili vya mbolea ya kuku ili kuyarutubisha maji, kama wengi tulivyofundishwa. Aprili alipandikiza vifaranga 600 vya sato. Muuzaji alimwambia ni madume watupu.

Mimi sina bwawa. Nina tangi la kioo la lita 240 sebuleni Dar es Salaam, lenye samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Tanganyika, wale wanaofugwa kwa ajili ya mapambo. Maji yao yana pH (kipimo cha uchachu wa maji, namba ikipanda uchachu unapungua) ya karibu 9, na kwenye maji ya namna hiyo kosa dogo la chakula linaua. Kwa hiyo nimezoea kuandika kila siku: joto, chakula kiasi gani, nani amejificha, nani hali. Shangazi alikuwa akiniona na daftari langu kila akija, na ndiyo maana simu ya kwanza aliipiga kwangu.

Samaki waliokufa alikuwa amewapanga kwenye turubai, kumi kumi, wote 187. Niliinama nikamshika mmoja. Mdomo wazi kabisa, mashavu yametanuka, mwili hauna kidonda, magamba hayajatoka, macho hayana ukungu. Nikashika wa pili na wa kumi: vile vile. Jambo lililonishtua ni ukubwa wao. Kwenye turubai hapakuwa na samaki mdogo hata mmoja. Nikamuuliza kama wadogo wamechukuliwa na ndege, akasema hapana, wadogo wako bwawani, tazama. Nikatazama. Kando ya maji, hasa pale mpira wa kisima ulipokuwa unamwaga, vidomo mamia vilikuwa juu ya maji vinafungua na kufunga.

Nilikaa ukingoni pale kama nusu saa, nikimwomba mwenyekiti atuvumilie. Katikati ya bwawa kambale mmoja alipanda, akameza hewa, akazama. Baada ya dakika chache mwingine. Nikahesabu saba tofauti kwa ukubwa wao. Vyura walikuwepo, viluwiluwi walikuwepo kwenye majani, na wale wadudu wanaoteleza juu ya maji walikuwa wanateleza.

Sitaki mtu adhani shaka ya shangazi ilikuwa ya kipuuzi. Dawa nyingi za kuua wadudu wa mboga, hasa za jamii ya pareto za kiwandani, ni kali mno kwa samaki, na tone linalopeperushwa na upepo linaweza kufika bwawani. Lakini dawa hiyo huanza na wadudu wa juu ya maji, ndio imetengenezwa kwa ajili yao. Haichagui sato wakubwa ikawaacha wadogo, wala haimwachi kambale na kiluwiluwi. Kitu kinachoua wakubwa kwanza, usiku kuelekea alfajiri, na kumwacha kambale mzima, ni kukosa oksijeni. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu kama sisi. Samaki mdogo anatosheka na maji membamba ya juu kabisa, yale yanayogusana na hewa. Sato mkubwa hawezi kuishi kwa hayo.

Nilimweleza mwenyekiti hivyo, mbele ya kijana na baba yake. Shangazi hakuridhika. “Miezi saba wamepumua, kwa nini leo?” Swali zuri, na hapo ndipo nilipomwomba daftari.

Nanukuu mistari michache kama alivyoandika:

16/4 vifaranga 600 x 200 = 120,000
17/4 wamekufa 14
18/4 wamekufa 17
Mei, pumba mfuko 1
Juni, pumba mfuko 1
4/8 kambale 12, kaletewa na kaka
Septemba, pumba mifuko 2
Oktoba, pumba mifuko 3
12/11 kijana wa kusafisha banda 5,000

Vile vifo 31 vya mwanzo nivipite haraka. Mifuko ya vifaranga ilifunguliwa na kumwagwa moja kwa moja. Ingetakiwa ielee bwawani kwanza dakika 15 au 20, joto lilingane, kisha maji ya bwawa yaingizwe kidogo kidogo. Somo hilo shangazi alishalijua.

Mstari ulionifumbua macho ni wa pumba. Mfuko ni wa kilo 25. Kwa hesabu ya daftari, samaki waliobaki baada ya vifo vya Aprili ni 569. Mwezi Mei walikula mfuko mmoja, na Oktoba mitatu. Mtu atasema wamekua, wanahitaji zaidi. Lakini wale waliolala kwenye turubai tuliwapima kwa mizani ya jikoni, wastani gramu 150 kwa miezi saba. Kwa sato ni kudumaa. Chakula mara tatu, na samaki hawakui. Basi nani alikuwa anakula?

“Walikuwa wanagombania,” shangazi akasema. “Nikimwaga, maji yanachemka. Nikajua wana njaa, nikawaongeza.”

Siku ya nne tulipunguza maji hadi magotini tukapitisha wavu. Shangazi mwenyewe aliingia, kanga ameifunga kibwebwe. Katika uvutaji wa kwanza alitoka na sato wa kama gramu 100, akamweka kwenye beseni jeupe, na samaki yule akatema. Mayai ya rangi ya manjano iliyokolea, makubwa kama mbegu za ufuta, yakamwagika chini ya beseni, mengi sijui mia ngapi. Shangazi alibaki ameinama akiyatazama. Jike wa sato hubeba mayai mdomoni wiki moja au mbili mpaka watoto waweze kujitegemea, na akishaanza, kila baada ya mwezi au mwezi na nusu anarudia. Anaanza mapema mno, na akiwa kwenye bwawa lenye msongamano huanza akiwa na gramu 30 au 40 tu.

Tukawatazama mmoja mmoja chini ya tumbo, karibu na pezi la nyuma. Dume ana matundu mawili pale, jike ana matatu, na ukipaka tone la wino wa buluu unayaona vizuri hata kama macho yamechoka. Wakubwa waliobaki hai walikuwa 341. Madume 163, majike 178. Vifaranga vya madume watupu havikuwa madume watupu hata kidogo.

Wadogo hatukuwahesabu mmoja mmoja. Tulipima kilo moja tukapata samaki 70, tukapima ndoo zote tukapata kilo 31. Ni kama 2,170. Jumlisha: waliokufa kilo 28, wakubwa waliobaki kilo 37 na nusu, wadogo kilo 31. Karibu kilo 97 za samaki ndani ya mita za mraba 120, yaani gramu 800 kwa kila mita. Kwa bwawa la maji yaliyotuama, bila mashine ya hewa, mimi sithubutu kupita nusu kilo kwa mita. (Wakubwa 41 hawakuonekana popote. Shangazi alikiri wengine waliingia jikoni kwake bila kuandikwa, na mdiria naye ana fungu lake.)

Sasa usiku wenyewe. Maji ya joto la nyuzi 28 yakishiba hewa hubeba kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita, basi. Mchana wa jua, mwani wa kijani hutengeneza oksijeni nyingi kuliko inayotumika, ndiyo maana maji ya kijani kidogo ni heri. Jua likizama kila kitu kinavuta na hakuna kinachotoa: sato, watoto wao, mwani wenyewe, na zaidi ya wote vijidudu vinavyoozesha mbolea na pumba zilizozama. Kiwango kinashuka usiku kucha, na cha chini kabisa ni saa 11 au 12 alfajiri. Wiki ile vuli ilikuwa imeanza. Jumatatu, Jumanne na Jumatano mawingu yalishuka kutoka Uluguru yakakaa juu ya mji, jua halikuonekana. Kila asubuhi bwawa lilianza siku na akiba pungufu kuliko ya jana.

Halafu mstari wa 12/11. Kijana wa kusafisha banda alilipwa 5,000. Nilimuuliza shangazi kinyesi kilikwenda wapi. Kimya kidogo. Kilikwenda bwawani, matoroli mawili, siku ya Jumanne, katikati ya mawingu. Asingelipa hela siku hiyo, tarehe isingeandikwa popote, na tungebaki tunabishana juu ya bomba la dawa mpaka leo.

Ndiyo maana nasema tuliponea kwa bahati. Daftari lile lilikuwa la matumizi. Lilijua bei ya kifaranga na halikujua kama Jumatano asubuhi sato walikuwa juu wanahema. Nilipomuuliza alikumbuka mara moja: ndiyo, Jumatano walikuwa juu, na Jumanne pia kidogo, akadhani wanasubiri chakula. Akawapa. Hiyo ilikuwa kengele ya siku nzima kabla, na ingetosha. Kuzuia chakula, kutoa viroba, kufungua mpira wa kisima usiku ukimwaga kwa juu kupitia ndoo iliyotobolewa: mambo matatu yasiyogharimu kitu, na pengine hata toroli moja lisingefukiwa chini ya mgomba. Tulifukia kilo 28. Shangazi angeuza kilo kwa 8,000, kwa hiyo ni 224,000 zilizoingia ardhini, kwa kuwa wakati ule wa asubuhi hakuna aliyeweza kuapa kuwa si sumu, na hupiki samaki ambao hujajua kilichowaua.

Kuna jambo moja tulilogundua baadaye kidogo ambalo wafugaji wa mabwawa hawalizungumzi sana, na sisi wa matangi ya kioo tunalijua kwa machungu. Nilikuwa nimekuja na chupa zangu za matone ya kupimia. Alhamisi mchana, chini ya mawingu, pH ilikuwa 7 na amonia yote kwa jumla miligramu 1.5 kwa lita. Amonia hutoka kwenye mkojo wa samaki, kinyesi na chakula kinachooza, na ina sura mbili, moja mpole na moja kali. Kwenye pH 7 iliyo kali haifiki hata sehemu moja kati ya mia. Kesho yake jua liliwaka. Saa 9 alasiri nikapima tena, pH 9, kwa sababu mwani ulikuwa umefyonza hewa chafu ya kaboni iliyokuwa inayatia maji uchachu. Amonia haikuongezeka, bado 1.5. Lakini kwenye pH 9 na joto lile, sehemu 40 kati ya mia ni ile kali. Maji yale yale, samaki wale wale, tofauti ni saa tu. Sato ni mvumilivu na hakufa, ila hakula, na samaki anayeishi hivyo kila alasiri ya jua hukua kwa shida. Nadhani nusu ya kudumaa kwao ilitoka hapo. Msongamano pekee usingewafanya vile.

Kwa hiyo siku tatu hakuna chakula, theluthi ya maji ikatolewa kwenda kwenye migomba na mchicha, viroba vikatolewa moja kwa moja. Bomba la kutolea maji tulilifunga wavu wa chandarua mara mbili kabla ya kulifungua. Sato si mwenyeji wa mito ya huku, na akitoroka hupandana na perege wa asili. Perege hao si wa kupoteza. Yupo wa Mto Wami, katika mkoa huu huu, ambaye dume lake likipandishwa kwa jike wa sato huzaa karibu madume watupu, na wafugaji wa nchi za mbali wamemtumia kwa kazi hiyo. Njia nyingine inayotumika zaidi ni kuwalisha vifaranga homoni wiki tatu au nne za mwanzo, nayo ikifanywa kwa haraka haraka hutoa mchanganyiko kama ule wa shangazi. Anayenunua vifaranga hawezi kuvikagua, vingali vidogo mno. Anachoweza ni kuvikagua vikifika gramu 30, mwezi wa pili au wa tatu, kabla ya uzazi wa kwanza. Shangazi hakuambiwa, na muuzaji hakupaswa kunyamaza.

Ijumaa hiyo jioni tulikwenda kwa jirani. Shangazi aliongea mwenyewe, mimi nilikaa mkekani nikasikiliza. Alisema, “Nimemtaja mwanenu kwa jambo ambalo hakulifanya, na nimelisema mbele ya watu. Naomba mnisamehe mbele ya watu hao hao.” Baba wa kijana akaomba waite mwenyekiti, na akaitwa. Kijana ndiye anayeshika upande wa pili wa wavu siku za kupima.

Desemba shangazi alirudisha bwawani madume 150, wastani gramu 120, na kambale wale 12 pamoja na wengine 10 wa kula watoto watakaozaliwa, maana macho hukosea na jike mmoja aliyepita anatosha kuharibu mwaka. Majike waliuzwa. Wadogo walichukuliwa ndoo kwa ndoo na mfugaji wa kambale kwa bei ya chini, na hiyo ilimuuma zaidi ya wale waliofukiwa.

Daftari jipya tulilipigia mistari pamoja, kwa rula. Hela zina kurasa zao za nyuma. Mbele kuna siku, saa, anga, samaki wako juu au chini, chakula kwa gramu kwa mizani, kilichoingia bwawani hata kama ni toroli moja la majani, waliotoka hata kama ni wa kitoweo, na safu aliyoiita mwenyewe “mkono”. Hiyo ni kipimo cha maji: unazamisha mkono wima, kiganja kimegeuzwa kikutazame juu. Kiganja kikipotea maji yakiwa chini sana ya kiwiko, kijani kimezidi, hupeleki mbolea wala hulishi sana. Kikionekana hata maji yakivuka kiwiko, maji ni meupe mno. Anasoma mkono kila asubuhi baada ya sala, na anaandika kwa sentimita kwa kuwa amejichora alama tatu kwa hina.

Kila tarehe 15 wanapima samaki 30 na kuwarudisha. Chakula kinatoka kwenye hesabu hiyo, asilimia 3 ya uzito wote mwanzoni, sasa 2. Januari wastani ulikuwa gramu 158, Februari 196, Machi 237, Aprili 275, Mei 304. Kilo 45 na nusu bwawani, chini ya ile nusu kilo kwa mita. Machi walionekana watoto mara moja, kundi kama la unyayo kando ya majani. Waliandikwa, na wiki mbili baadaye hawakuonekana tena, kambale walishafanya kazi yao.

Juni wastani umekuja 312. Gramu nane kwa mwezi mzima. Shangazi alinipigia akiwa na hofu ya Novemba, nikamwomba anisomee safu za wiki ile. Joto la maji alfajiri nyuzi 22, mkono kwenye kiwiko, samaki chini siku zote, na mara nne ameandika “chakula kimebaki”. Ni baridi ya kipupwe tu, sato kwenye maji ya nyuzi 22 hana hamu. Tukakubaliana apunguze chakula nusu hadi maji yapande tena, na uvunaji uliopangwa Julai usogezwe Septemba. Kabla sijakata simu akasema subiri, akaniwekea chini, nikasikia kalamu. “Tayari,” akasema. “Nimeandika na sababu.”